Njia ya Rusumo na Wenyeji Wake

Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake yajulikana: mgeni ajapo huja na heri, naye mwenye nyumba hupata nafuu kwa ajili yake. Mwezi huu twataka kulipima neno hilo kwa mfano ulio mbele ya macho yetu, yaani barabara kuu ipitayo katika wilaya za Biharamulo na Ngara, ikatokea Rusumo penye daraja la mto Kagera. Katika pembe hii ya Tanzania hakuna njia iliyopitisha wageni wengi kama hiyo. Wamepita wafanya biashara na wapagazi, askari wa mataifa matatu, watu waliokimbia kifo, na sasa malori usiku na mchana. Basi tuulize: wageni wamekuja, je, wenyeji wamepona?

NJIA ILIVYO LEO

Kwanza tuifuate njia yenyewe, ili hata asiyepata kuifika aione. Yaanzia Dar es Salaam penye bandari, yapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, kisha yaingia wilaya ya Biharamulo upande wa kusini. Tangu pwani hata Rusumo ni safari ya kilomita zaidi ya 1,300. Ukitoka Kahama wapita Ushirombo na Runzewe, halafu wafika Nyakanazi. Hapo ni njia panda. Barabara moja yaelekea kusini, kwenda Kakonko, Kibondo na Kasulu, hata Kigoma penye Ziwa Tanganyika. Ukiiacha hiyo na kuendelea mbele kidogo, wafika Lusahunga, nako ni njia panda ya pili: mkono wa kuume waenda Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba.

Kutoka Lusahunga hata Rusumo ni kilomita kama 90. Nchi huanza kwa miombo na mapori, mahali pa mbung'o tangu zamani, halafu huinuka kidogo kidogo mpaka milima ya Ngara iliyovikwa migomba na kahawa. Wapita Nyakahura, ambayo ni ya Biharamulo bado, kisha waingia Ngara. Katika sehemu hii ya mwisho njia zaachana tena. Kutoka Nyakasanza barabara yaenda Ngara mjini na Kabanga, ikaishia Kobero penye mpaka wa Burundi. Upande wa Kasulo na Benaco yaja njia ya kutoka Karagwe. Nayo barabara kuu yashuka mlimani kwenda mtoni, mahali mto Ruvubu ulipokwisha kujiunga na Kagera, na maji yanapobanwa na mawe yakaanguka kwa kishindo. Hapo ndipo Rusumo. Ng'ambo ni Rwanda, na Kigali haipiti mbali ya kilomita 160 hivi.

Mtu atazamaye ramani ataona mara moja kwa nini njia hii ina watu wengi. Rwanda na Burundi hazina bahari. Mafuta yao, saruji yao, chumvi yao na vyuma vyao, sehemu kubwa huja kwa njia ya Dar es Salaam, na vyote hupita kwa majirani zetu wa Nyakanazi na Lusahunga kabla ya kugawanyika, hivi Rusumo, hivi Kobero. Vingine huendelea hata Kongo ya mashariki.

SIKU ZA HONGO

Njia ya kale haikufuata lami ya leo hatua kwa hatua, lakini shabaha yake ilikuwa ile ile. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili walitoka Tabora na nguo, shanga na masango ya shaba, wakaelekea Karagwe kutafuta pembe. Kati ya Tabora na Karagwe palikuwa na nchi iliyoitwa Usui katika vitabu vya wasafiri, nayo ndiyo nchi ya Rusubi, upande huu wa Biharamulo. Hapana aliyepita Usui bila kulipa hongo.

Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipita huko wakitafuta chimbuko la mto Nile. Msafara wao uliongozwa na watu wenye kujua Kiswahili, mashuhuri miongoni mwao akiwa Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Uyao. Mfalme wa Usui siku zile aliitwa Suwarora. Speke aliandika kwa uchungu jinsi alivyocheleweshwa, na jinsi nguo, shanga na masango yake yalivyopunguzwa na hongo, mfalme akidai yake na wakubwa wake wakidai yao. Mwezi wa Novemba mwaka ule akafika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, akapokewa vizuri, akapumua.

Wasomaji wa vitabu vyake huko Ulaya walimhurumia Speke, wakamwona Suwarora kuwa mnyang'anyi. Lakini na tulitazame jambo hili kwa upande wa wenyeji. Msafara wa watu wengi ukipita hula vyakula, hukata kuni, huchafua visima, na pengine huacha ugonjwa. Hongo ilikuwa bei ya kupita. Yamkini ilizidi kiasi, na mtu wa chini labda hakuonja hata upande mmoja wa nguo ile. Hata hivyo, siku zile mwenyeji alikuwa na neno la kusema. Mgeni alisimama mlangoni mpaka aliporuhusiwa. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1894 akapita mgeni wa namna nyingine. Huyu alikuwa Count von Götzen, Mjeremani, aliyetoka pwani ya Pangani na askari wake. Tarehe 2 Mei alivuka Kagera pale Rusumo, akaingia Rwanda na kuonana na mfalme Rwabugiri, kisha akashika njia ya magharibi mpaka akatokea bahari ya Atlantiki. Baadaye, tangu 1901 hata 1906, alikuwa gavana wa nchi yote ya Wajeremani katika Afrika ya mashariki. Baada ya hao hongo ikakoma. Wajeremani wakajenga boma Biharamulo, na boma lile lasimama hata leo. Tangu hapo mwenyeji hakuulizwa tena kama mgeni apite au asipite.

VITA, NA MPAKA ULIOCHORWA KWA AJILI YA RELI

Zamani za Wajeremani mto Kagera pale Rusumo haukuwa mpaka wa dola. Ng'ambo na huku zote zilikuwa chini ya bendera moja. Mambo yakageuka katika vita vya mwaka 1914 hata 1918. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, yakashika Rwanda na Urundi, yakavuka mto, na mwezi wa Juni yakaingia Biharamulo. Mwezi wa Septemba yalikuwa Tabora. Kila askari alihitaji watu wa kumchukulia chakula na risasi, na watu hao walitwaliwa vijijini, wapende wasipende. Wengi hawakurudi makwao.

Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji wakaketi kugawana. Mwaka 1919 Milner kwa upande wa Waingereza na Orts kwa upande wa Wabelgiji walipatana kwamba Wabelgiji watakaa na Rwanda na Urundi. Lakini Waingereza walikuwa na ndoto ya reli itakayoshika bara kutoka kusini hata kaskazini, na bonde la Kagera ni la matope na mafunjo. Kwa hiyo wakaomba ukanda wa nchi kavu ng'ambo ya mto, yaani Gisaka, mashariki ya Rwanda, nao wakapewa. Watu wa Gisaka wakaamka asubuhi wamekatwa na mfalme wao. Mfalme Musinga akalalamika, na wengine wakalalamika pamoja naye, hata mwisho wa mwaka 1923 nchi ile ikarudishwa. Reli haikujengwa hata kipande kimoja. Ndipo mto ukawa mpaka, kama ulivyo leo. Bugufi, ambayo ilikuwa na undugu na Urundi, ilibaki Tanganyika, nayo ndiyo sehemu ya Ngara ya leo.

Waalimu, jambo hili lafaa kusimuliwa darasani. Watoto hudhani mpaka ni kitu kilichokuwako tangu kuumbwa kwa milima. Kumbe huu wa kwetu ulisogezwa huku na huku kwa ajili ya reli ambayo gari lake halikupita kamwe. Ndiyo sababu Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo husikilizana bila mkalimani, na mtu aweza kuwa na shangazi yake upande wa pili.

Katika miaka iliyofuata wenyeji nao waligeuka kuwa wasafiri. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha kwao zilikuwa haba. Basi vijana wa Ngara, pamoja na Warundi na Wanyarwanda, walikwenda kwa miguu mpaka Buganda kulima pamba na kahawa za watu, wakarudi na nguo, blanketi, na baiskeli kwa aliyejaliwa. Hivyo njia ilijulikana kwa nyayo muda mrefu kabla ya kujulikana kwa magurudumu.

DARAJA LA 1972

Daraja lililowezesha malori kuvuka pale Rusumo lilijengwa mwaka 1972. Lilikuwa jembamba, la njia moja. Likija lori kutoka huku, la kule lilingoja. Lakini manufaa yake yalikuwa makubwa, hasa kwa Rwanda. Nchi hiyo ilizoea kupata vitu vyake kwa njia ya Mombasa na Uganda, na vita vya Tanzania na Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 viliwafundisha watu hatari ya kutegemea mlango mmoja tu. Mizigo mingine ilikuja kwa gari la moto mpaka Isaka, karibu na Kahama, ikapakiwa katika malori, ikapita kwetu.

Kampuni moja ya Kiitalia iliyofanya kazi ya barabara ilipiga kambi yake mahali fulani katika Ngara, si mbali na Rusumo. Jina la kampuni lilikuwa Benaco, nalo ni jina la kale la ziwa moja kubwa la Italia. Waitalia wakaondoka, jina likabaki. Hapana aliyejua ya kuwa jina hilo litatajwa na dunia nzima, wala si kwa habari ya mawe na lami.

APRILI 1994

Jambo hili ni zito, nasi twalisema kwa upole, maana wako wasomaji waliofiwa na jamaa zao.

Tarehe 21 Oktoba 1993 rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa, na Warundi wengi wakakimbilia kwetu. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Watutsi waliuawa kwa maelfu kila siku, na pamoja nao Wahutu waliokataa kuua. Mto Kagera ulichukua maiti, zikapita chini ya daraja la Rusumo, zikafika hata Ziwa Victoria, na watu wa pwani ya Uganda wakazitoa majini na kuzizika. Majeshi ya RPF yalipokuwa yakisonga mbele kuelekea mpakani, watu wa mashariki ya Rwanda wakashika njia ya daraja.

Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, walivuka watu wapata 250,000 kwa hesabu iliyotolewa siku zile. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa muda mfupi namna ile. Nalo daraja lilikuwa lile lile la njia moja. Watu walibeba magodoro, sufuria na watoto. Silaha zao, mapanga na mikuki, ziliachwa rundo kando ya njia. Kisha RPF ikafika mpakani, mlango ukafungwa. Siku chache tu zilibaki kutimia miaka 100 tangu von Götzen alipovuka mahali pale pale, yeye akielekea magharibi.

Kambi ya Benaco ikawa mji katika majuma machache. Zikafuata nyingine, kama Lumasi, Musuhura na Lukole. Wageni wakawazidi wenyeji wa Ngara mara mbili na zaidi. Miongoni mwao walikuwamo wengi wasio na hatia, wajane, wazee na watoto waliopotewa na wazazi. Walikuwamo pia waliomwaga damu, wakiendelea kuwatawala wenzao kambini kwa hofu. Hilo ndilo lililokuwa gumu: mwenyeji hakuweza kumtambua mgeni kwa kumtazama usoni.

Wenyeji walifanya nini? Kwanza waligawana walichokuwa nacho, mihogo, ndizi na maji. Kisha hasara ikaonekana. Miti ilikatwa kwa kuni na nguzo mpaka vilima vikabaki vitupu. Ndizi zikaibwa mashambani, mbuzi wakapotea, visima vikakauka, bei ya chakula ikapanda. Lakini faida nayo ilikuwako. Mashirika yaliyokuja kuwahudumia wakimbizi yaliajiri watu, yakachimba visima, yakatengeneza barabara za vijijini na zahanati. Mkulima mwenye shamba kubwa alipata vibarua wa bei rahisi na soko la mazao yake, bali maskini aliyetegemea kibarua alikuta ujira wake umeshuka. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha redio katika Ngara, ikaitwa Kwizera. Neno hilo katika Kirundi na Kinyarwanda maana yake ni kutumaini, nayo redio yaendelea kusikika.

DESEMBA 1996

Wazee husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hakuweza kupewa jembe, kwa kuwa shamba halikuwako la kumtosha. Mwezi wa Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na shirika la wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha.

Ndipo likatokea jambo ambalo watu wa barabarani hawajalisahau. Mnamo tarehe 12 wakimbizi waliondoka makambini kwa maelfu, lakini hawakuelekea Rusumo. Walielekea mashariki, kwa kuwa waliogopa, au walitishwa na wakubwa wao, wakidhani watafika Kenya au Malawi kwa miguu. Askari wa Tanzania wakawatangulia njiani, wakawageuza. Barabara ile ile ikajaa tena, safari hii uso ukielekea mtoni. Mvua ilinyesha. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamevuka watu zaidi ya 400,000.

Wako waliosifu jambo lile, kwamba mzigo umeondoka. Wako waliolilaumu, kwamba mtu hafai kurudishwa kwa nguvu mahali anapopaogopa. Sisi hatutaamua hapa. Twasema tu kwamba mzazi akiulizwa na mwanawe, asimfiche upande mmoja wa habari.

MAPORI NA LAMI

Makambi yalipofungwa, bunduki nyingine hazikufungwa. Kwa miaka mingi majambazi walijificha katika mapori ya Biharamulo na Ngara, wakasimamisha mabasi kwa magogo, wakapora na kuua. Mabasi yalikusanywa mahali pamoja, yakangoja askari, yakasindikizwa kwa msafara. Msafiri aliyelala njiani siku zile ajua maana ya kuhesabu saa mpaka jua litoke.

Hali imebadilika. Lami imefika kutoka pande zote. Barabara ya Lusahunga, Biharamulo hata Kagoma, yenye kilomita 154, ilifunguliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2013. Mwaka huo huo ikafanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa majambazi na wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Kigoma na Geita, nayo iliwagusa hata watu walioishi huku miaka mingi na kuoa huku. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Lile daraja la 1972 nalo limepata mrithi. Kwa msaada wa Japani limejengwa daraja jipya lenye njia mbili na urefu wa mita 80, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Tarehe 6 Aprili 2016 marais wawili, John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda, walikifungua. Magufuli alikuwa mzaliwa wa Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo, na kabla ya kuwa rais alikuwa Waziri wa Ujenzi. Alifariki Machi 2021.

Kazi ya kituo cha pamoja ni hii. Zamani dereva alisimama mara mbili: akague huku, avuke, akague tena kule. Sasa husimama mara moja tu, katika nchi anayoiingia, na hapo hukuta maofisa wa nchi zote mbili wameketi nyumba moja. Jambo jingine la kustaajabisha: Tanzania magari hushika mkono wa kushoto, na Rwanda hushika mkono wa kulia. Basi pale Rusumo kila dereva hana budi kubadili upande, na asiyekuwa makini atajuta.

Maporomoko yenyewe yamewekwa kazini. Umeme wa megawati 80 hutoka hapo, ukagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na waya wake mkubwa waja mpaka Nyakanazi. Na upande wa Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, iko nikeli nyingi ardhini. Mwezi wa Januari 2021 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuichimba. Ikianza kutoka kwa wingi, wageni wa barabara watazidi.

BASI, MWENYEJI AMEPONA?

Tuirudie methali yetu. Tukiipima miaka hii yote twaona jambo moja. Mgeni wa njia hii siku zote alikuwa na safari yake. Speke alitafuta mto, von Götzen alitafuta Rwanda, Milner alitafuta reli, lori latafuta Kigali. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya Nyakahura au Kasulo. Mwenyeji alipona pale tu alipokuwa na kitu cha kutoa na neno la kusema. Asipokuwa na hayo, wageni walipita, naye akabaki na vumbi.

Kwa hiyo twawaambia wakuu wa nyumba mambo machache.

Kwanza, msiuze shamba la kando ya barabara kwa haraka. Fedha za kiwanja huisha kabla ya mvua ya pili, bali lori litapita hata kwa wajukuu wenu. Mwenye shamba huuza ndizi, maharage na chakula kilichopikwa mwaka hata mwaka. Mwenye kiwanja kilichouzwa hupunga mkono tu.

Pili, wafundisheni watoto barabara. Mteremko wa Rusumo ni mkali, na lori lenye mzigo halisimami kama baiskeli. Mtoto asicheze kandoni, wala asidandie lori lipandapo mlima. Na lori la mafuta likianguka, mtu akimbie mbali, asikimbilie na ndoo. Barabara hii hii, pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto kwa sababu ya kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Petroli ya bure haina bei ndogo kuliko hiyo.

Tatu, walindeni mabinti na vijana. Mahali malori yanapolala ni mahali pa fedha ya haraka na ugonjwa wa polepole. Mama aonaye binti yake amevaa asichomnunulia, na aulize mapema.

Nne, kijiji kiwe na sauti. Kampuni ikija kuchimba mawe au kupanua njia, mkutano wa kijiji uitishwe, na yaandikwe yaliyokubaliwa: fidia ya migomba, shimo litafukiwa lini, vijana wangapi watapewa kazi. Suwarora hakujua kuandika, lakini alijua kwamba anayepita hulipa. Sisi tunaojua kuandika tusishindwe naye.

Nanyi waalimu, mkiwa na nafasi, wapelekeni watoto wa madarasa ya juu barabarani na daftari, wakae mahali pa salama, mbali na magari, kwa muda wa saa moja. Wahesabu malori, waandike yametoka wapi na yaenda wapi. Kisha waulizeni: katika haya, ni lipi lililosimama kununua kitu cha kijiji chetu? Hesabu hiyo, ipelekwe mbele ya mkutano wa kijiji, yaweza kuwafundisha wakubwa pia.